Chupa ya Mreno iliyovundikwa shimoni Vugiri ikaokoa posa yangu

Wakuu, hamjambo humu? Wanaotaka kuniamkia, marahaba, tuendelee.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja anasema mvinyo ni mambo ya watu wa mjini. Nimecheka peke yangu sebuleni! Ngoja niwape story yangu, na nikiongeza chumvi mod afute.

Baba yangu alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge, Korogwe. Meneja mwenyewe Mreno. Mashamba yalipotaifishwa akafunga mizigo, na siku ya kuaga akampa baba chupa moja ya mvinyo mwekundu.

Mvinyo wa kwao, wa zabibu inayoitwa baga. Akamwambia, "Mpishi, usifungue sasa. Bado mkali, utakukausha mdomo. Ulaze mahali pa baridi miaka kumi."

Baba akapanda nao kwetu Vugiri, milimani. Watu walicheka jamani!

Kwa wasiojua, pombe yetu ni boha, ya miwa. Ukichelewa siku moja umeshapata siki. Sasa miaka kumi?

Baba hakubishana. Alijua kitu ambacho hakijaiva kinavundikwa, basi. Akachimba shimo nyuma ya jiko kama la kuvundikia ndizi, ila akaenda chini zaidi. Akatandika majani makavu ya mgomba, akailaza chupa, akafukia, juu akaweka jiwe la kusagia lililopasuka.

Mimi nimekua nikilikalia lile jiwe. Mama akitaka kumchokoza anauliza, "Baba Neema, ndizi yako haijaiva tu?" (Neema ndiye mimi.)

Miaka ikaenda. Nikampata mwalimu wangu (siyo aliyenifundisha, msianze). Kwao ni Wasambaa wenzetu, ila walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa huko Mazingara, Handeni.

Wakuu, nilimpenda yule mtu. Sisemi zaidi, wajukuu wangu wamo humu.

Siku ya kumalizia posa ikapangwa. Kwetu wageni wanapokelewa kwa kibuyu cha boha. Binti anaonja, anampa mkubwa wa wageni, ndipo maneno yanaanza. Bila kibuyu hakuna posa.

Mama akapika boha safi kabisa. Wageni hawakutokea.

Kumbe mto Pangani ulikuwa umejaa, wakalala Korogwe ya zamani kusubiri maji yapungue. Wanafika kwetu kesho yake mchana, wamechoka, matope mpaka magotini.

Naonja kibuyu. Siki! Machozi yalinitoka, na sikujua ni ya siki au ya aibu.

Mkubwa wao alikuwa mjomba wa mchumba wangu, Mzee Kaniki, mtu wa hasira za karibu. Akaonja, akatema.

"Tumevuka mafuriko tuje tunyweshwe siki? Hawa hawatutaki. Simameni twende."

Kupika nyingine haiwezekani. Lori walilokuja nalo lilikuwa la kijiji, jioni lilitakiwa lirudi kubeba mahindi. Mwalimu wangu ananiangalia, mimi namwangalia, wazee wanavaa makoti.

Baba akainuka. Akachukua jembe, akaelekea nyuma ya jiko.

Wote wakamfuata! Hata waliovaa makoti. Mtu anachimba pombe ardhini, utaondokaje?

Chupa ikatoka, udongo mtupu. Mzee Kaniki akaipokea na kabla hatujasema neno akaitikisa kwa nguvu zote, kama kibuyu.

"Toba!" Baba alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena.

Msimlaumu mzee. Kibuyu kisipotikiswa, wa mwisho anabaki na machicha peke yake. Kwetu kutikisa ndiyo heshima. Lakini ule mvinyo ulikuwa na machicha ya miaka, na baba alishamhudumia Mreno, anajua machicha hayatikiswi.

Akaisimamisha chupa kwenye jiwe. "Sasa tusubiri itulie."

Wakakaa. Walikuwa wanaondoka, sasa wamekaa! Wakaanza kuulizana habari za mafuriko, za mahindi, nani kazaa na nani kafa. Mama akaleta viazi. Kufika alasiri Mzee Kaniki anacheka na baba, na dereva wa lori amelala chini ya mgomba.

Baba akafungua kwa skrubu na koleo. Nikaonja mimi kwanza.

Wakuu, sina maneno! Nilitegemea siki. Ikaja harufu ya matunda makavu na majani ya tumbaku, ukali kidogo, halafu ulaini unashuka taratibu. Nikampa Mzee Kaniki kikombe. Akafumba macho.

"Hii haikuoza," akasema. "Imeiva. Haya, tuongee habari ya binti."

Posa ikapita. Nimeishi na mwalimu wangu mpaka Mungu alipomchukua.

Chupa moja, wazee wengi. Ilipomfikia baba yalibaki machicha matupu. Akayanywa yote, akalamba kidole, akaniangalia akitabasamu, meno meusi tii.

Nilichojifunza: kisichoiva leo usikitupe, kipe shimo na muda. Na mgeni mwenye hasira mtafutie sababu ya kukaa.

Sasa wenye uzoefu nisaidieni. Baga changa inapatikana duka gani Tanga au Dar? Mjukuu wangu kajifungua mtoto wa kike. Najua siku ya posa yake mimi sipo, na machicha nimeyasamehe.

Shimo nimeshachimba.