Mlolongo wa Annandale

Mwalimu wetu, mama wa Kimarekani mwenye imani kubwa na binadamu, alikuja na sanduku la viatu alilolitoboa juu, na vikaratasi vya kura alivyovikata mwenyewe. Tukamkatalia.

Tulikuwa wasichana kumi na kitu, Wakenya wengi, Watanzania wachache na Mkongo mmoja, tumekusanyika Jumamosi katika darasa la kuazima chuoni Annandale, hapa Marekani. Tulikuwa tunajifunza demokrasia kwa kufanya mkutano wa chama ambacho hakipo. Tulikipa jina, tukakipa rangi, tukagombania sera mpaka chai ikapoa. Ikabaki kuchagua mgombea. Chama kilikuwa cha kuigiza, ila zawadi ilikuwa ya kweli: mshindi angefanya kazi ya mafunzo majira yote ya joto katika ofisi ya mbunge wa jimbo kule Fairfax. Niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Kazi yangu ilikuwa kuosha wazee na kuwageuza vitandani, kazi ya halali, lakini nyumbani nilikuwa nimesomea siasa, na nilikuwa nimechoka kuulizwa na kila mtu unesi nitaanza lini.

Tulibaki wagombea wawili, mimi na mpwa wa Auntie. Auntie ndiye aliyekuwa mlezi wa kikundi chetu. Alituletea mandazi, alifungua mikutano kwa sala, na siku za kazi alipanga zamu katika kampuni ya kuhudumia wazee iliyotuajiri karibu sote. Ni yeye aliyesimama, anatabasamu, akasema:

"Karatasi za nini, jameni? Si sisi ni dada? Kila mtu asimame nyuma ya yule anampenda, tumalize, tukule."

Mlolongo huo niliujua. Nilipokuwa mtoto kule Kenya, baba alipanga foleni nyuma ya mgombea wake mchana kweupe, chifu akiwa pembeni anazisoma nyuso. Tangu siku hiyo kahawa ya baba ikawa inapimwa ya mwisho kiwandani, majirani wote wakiwa wameshaenda zao.

Nikaomba tupige kura ya siri.

"Unaogopa nini, mwanangu?" Auntie aliniuliza kwa upole. Wenzangu wakacheka. Mwalimu naye, maskini, akafurahi kabisa. Akatuambia hata hapa Marekani yako majimbo ambako wanachama husimama hivyo hivyo, jirani akimwona jirani. Akalisukuma sanduku chini ya meza.

Asubuhi ile, garini, wasichana niliokuwa nakaa nao nyumba moja walikuwa wameniapia. "Wewe ndio wetu, wacha stress," alisema yule tuliyelala naye chumba kimoja. "Huyo mwingine hata ku-speak mbele ya watu hawezi." Ulimi hauna mfupa. Ulipofika wakati wa kusimama, Auntie alivuta kiti mbele, akavaa miwani. Msichana wa kwanza aliitazama miwani ile, akaenda kwa mpwa. Wengine wakamfuata. Mwenzangu wa chumbani alianza kuja upande wangu, akajifanya ameitwa, akageuka akitazama viatu vyake.

Nyuma yangu alisimama mmoja tu, msichana wa Tanga, mtu wa maneno machache ambaye hata sikuwa nimemwomba kura. "Dada, wewe ndiye uliyesema ya maana," aliniambia.

Wakapiga makofi, mpwa akalia kwa furaha, mwalimu akatupiga picha. Nikala mandazi nisiyasikie ladha, maana kuyakataa kungeitwa wivu. Tulipoingia garini wenzangu wa nyumbani wakaanza: "Kwa roho tulikuwa na wewe. But unajua tu vile iko." Nilijua. Mkono mtupu haulambwi. Lakini niliwachukia, tena sana, na zaidi niliwachukia kwa kutaka niwabembeleze.

Wiki iliyofuata yule wa Tanga alinipigia simu. Zamu zake za wikendi amepewa mwingine. Amebakiwa na siku moja, kwa mzee mmoja wa Beltsville, safari ya kubadilisha mabasi mpaka uchoke. Hakulalamika. Aliuliza tu kama ningeweza kumsemea, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mgombea wake.

Nikaenda kwa Auntie. Akanikaribisha vizuri, akanimiminia chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe zamu zako si ziko?" akasema. "Nimeziguza? Wewe uligombea, hiyo ni haki yako, na mimi sina kinyongo. Lakini yeye, nani alimwambia asimame pale?"

Mkutano uliofuata yule msichana hakuja. Mwalimu alipouliza yuko wapi, Auntie alijibu kwamba yuko kazini. Mwalimu akatutazama, akauliza kama kuna mwenye neno kabla hatujaendelea. Hakuna aliyenyoosha mkono, hata mimi.