Programu Iliyojibu "Nesa"

Nzilani hakuwahi kuacha tabia ya kusoma makosa ya programu kwa sauti, akianzia mstari wa chini na kupanda juu. Huko chini, alisema, ndiko Java, lugha aliyoandikia programu zake, huficha kiini cha tatizo. Mamake, Kavindu, alizoea kumsikia akinung'unika mbele ya kompyuta kama anayekariri aya ya Jumapili. Wageni wakishangaa, aliwaambia kwa maringo, "Huyo ni wangu. Anaongea na mashine."

Programu aliyowatengenezea wakulima wa avokado wa Mbooni ilipokea ujumbe wao wa simu, ikaupeleka kwenye mfumo wa mnunuzi, kisha ikamjibu mkulima kwa Kikamba: "Nesa." Mambo ni mazuri.

Lakini asubuhi hiyo matunda ya kikundi cha wakulima hao yalikuwa bandani yakianza kulainika, na lori halikuwa limetumwa. Kavindu, mwenyekiti, alikuwa ametuma ujumbe na kujibiwa nesa. Mnunuzi alisema hajaona kitu. Lori lake lilikuwa mji wa jirani, Tawa, na ujumbe usipofika kabla ya adhuhuri, lingeenda zake.

"Mama Nzilani," Kanini, mmoja wa wakulima, alimwambia mbele ya wanachama, "hiyo nesa ya mtoto wako ndiyo tutauza? Leo ikishindwa, tunaachana nayo."

Kavindu akampigia Nzilani, wakajuliana hali nesa kwa nesa kwanza, ndipo akataja lori. Nzilani alikuja mbio kwa boda kutoka Kikima, akakalia kreti na kufungua kompyuta. Kumbukumbu za programu zilikuwa safi.

"Hakuna kosa hata moja," alisema. "Hapo ndipo ninaogopa."

Akapekua mpaka akafikia agizo aliloliandika mwenyewe: kosa lolote likitokea, lichukuliwe kuwa limeshughulikiwa, na mkulima ajibiwe vizuri. Akacheka kwa uchungu, akamgeukia mamake.

"Nimeifundisha adabu yetu, mwaitũ. Mtu yuko hoi kitandani, ukimsalimia anakwambia nesa."

Akalifuta agizo hilo, Kavindu akatuma ujumbe tena. Sasa kosa lilijitokeza lote, na Nzilani akalisoma kutoka chini. Programu ilikuwa imekwama kwenye jina la mkulima mmoja katika orodha ya ujumbe, Mũthama, kwenye ile ũ yenye alama juu.

"Basi niandike u ya kawaida," Kavindu alisema. "Fanya haraka, lori litatuacha!"

"Hapana. Wewe umeandika jina la mtu jinsi lilivyo. Mimi ndiye sikuifundisha herufi zetu."

Vidole vikakimbia. Kanini alisimama kando, mikono kiunoni, akitazama barabara. Kavindu alipotuma mara ya tatu, simu ikajibu kwamba mnunuzi amepokea, na jina la Mũthama likawa pale na alama yake. Punde dereva akapiga kuuliza njia.

Wakati kreti zikipakiwa, Nzilani alirekebisha lililobaki: kosa lolote liwekwe kando, mkulima aambiwe ukweli, na simu ya Nzilani mwenyewe ilie. Kavindu alimtazama kwa maringo, kisha akarudi kuhesabu kreti.

Nzilani alipanda boda. Kabla haijaondoka akamwinamia mamake sikioni.

"Siku nyingine ukiona lori limechelewa, mwaitũ, nipigie uniambie limechelewa. Salamu tutamalizia baadaye."