Nilivyomtoa Baba Kioko Kisiwani

Mume wangu, Baba Kioko, aliondoka Mowlem, mtaa wetu wa Eastlands, kwenda kutengeneza mashine ya kusaga unga kwenye kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria. Alisema ni wiki moja. Miezi ikapita, salamu ni zile zile: "Injini bado inasumbua." Padri naye alikataa kumbatiza Kioko bila baba yake kanisani, na Jumapili ya ubatizo ilikuwa imekaribia. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaondoka na hasira zangu.

Basi hadi Kisumu, gari jingine hadi ufukweni, kisha boti. Majini Kioko alinitapikia. Hata hayo matapishi niliyaweka kwenye hesabu ya babake.

Jioni tulifika. Kisiwa kina njia moja, choo kimoja cha wote, shule ya vyumba viwili, na hiyo mashine, ambayo pia huchaji betri ya redio pekee iliyoko. Nilimkuta Baba Kioko ameketi kitini, sahani ya samaki mbele yake, watu wakimwita Injinia. Mowlem hata paka hamwiti.

"Mama Kioko! Umekuja?"

"Hapana, bado niko Mowlem."

Mwenye mashine, Mama Awino, ndiye aliyetupa malazi. Akanisihi, "Shemeji, usimchukue. Injini hugoma kila asubuhi, na ni yeye tu anaijua. Akienda tutakula nini?"

Asubuhi nilibeba nguo alizovua mpaka kwenye jiwe ambapo kisiwa kizima hufulia. Mfukoni mwa suruali nikashika kitu kigumu: kibomba cha shaba, kinanuka dizeli. Mimi ni mke wa fundi. Nilijua ndicho hupitisha mafuta, na kwa nini injini hugoma kila asubuhi. Wanawake wakaacha sabuni, tukaenda wote.

Kwenye mashine, foleni ya mabeseni ya mahindi ilikuwa ndefu. Injinia amepiga magoti, anajipapasa mifuko, jasho linamtoka.

"Unatafuta hiki, Baba Kioko? Ama leo iamke yenyewe?"

Mama Awino akacheka mpaka akashika ukuta. "Injinia! Kumbe ugonjwa ulikuwa unalala na wewe!"

Nikasimama hapo mpaka akamfundisha Mama Awino kukifunga hicho kibomba mahali pake. Injini ikanguruma. Boti ya mchana ilipofika, begi lake lilikuwa limeshabebwa na wanawake wa jiweni.

Alininunia mpaka Nakuru. Lakini Jumapili Kioko alibatizwa, baba yake ameshika mshumaa, tena wima.

Nilichojifunza ni hiki: mwanamume akitaka kudanganya, abaki Eastlands, kwenye watu wengi. Kisiwa chenye jiwe moja la kufulia hakifichi kitu.