Mwalimu Makhanu na Asili ya Kupenda Miguu

Mwalimu Makhanu alifundisha historia huko Kabras hadi akastaafu, na kwake kila aibu ilikuwa na chanzo mbali na kwao. Siku ya wanaume kanisani, alipopewa nafasi ya kuzungumzia ndoa, alichagua mada ambayo hakuna aliyemwomba: kwa nini wanaume wengine husisimka wakiona miguu ya wanawake.

"Jambo hili lilitoka Ulaya," alianza. "Kaswende ilipozagaa huko karne zilizopita, wanaume waliogopa kitanda, wakahamia miguuni." Akamtaja daktari wa huko aliyedai kwamba mtoto anayetambaa huona miguu ya mamake kabla ya mengine. Akawataja na wataalamu wa ubongo, wanaosema kwamba ubongoni sehemu inayohusika na miguu imepakana na ile ya viungo vya siri. "Halafu masetla, wale wazungu wa mashamba, wakatuletea jambo hili hapa Lugari, pamoja na ng'ombe wa maziwa."

Mzee Kipyegon, ambaye babake alikuwa mpishi wa setla, akainua mkono. "Mwalimu, babangu hakuwahi kusema mzungu alibusu mguu wa mtu."

"Walifichanga," mwalimu akajibu.

Hapo Teresa wa kwaya akaingia na birika la chai, amevaa ndala, kucha zimepakwa rangi nyekundu. Macho ya mwalimu yaliifuata ile miguu benchi hadi benchi, mdomo wazi, mpaka ukumbi mzima ukageuka kutazama anachotazama. Mkewe, Milcah, aliyekuwa mlangoni na vikombe, akasema kwa upole, "Endelea, Baba Ashley. Ulikuwa umefika Lugari."

Mwalimu akaketi.

Kesho yake alikuwa bado anajitetea: ni ubongo, si yeye. Milcah alikuwa ametoka kupalilia miwa. Akaketi, akanyoosha miguu yenye matope. "Basi huo ubongo uchote maji."

Mwalimu aliosha kidole kwa kidole, akihema kama aliyepanda mlima. Milcah alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akamuuliza kwa nini alimwacha miaka yote hiyo akisugua visigino peke yake kwa jiwe. Mwalimu akalichukua lile jiwe, akaanza na kisigino cha kushoto.

Wiki hiyo wazee wa kanisa walianza kumjia, kila mmoja kivyake, eti kuna rafiki yake anayesumbuliwa na mambo ya miguu. Mwalimu aliwaeleza kuhusu kaswende na masetla. Waliondoka vifua mbele, wamefarijika sana kwamba kosa ni la Ulaya, na mmoja wao akapitia sokoni Malava kumnunulia mkewe ndala.