Siku Mbuzi Alipokula Ushuhuda Wangu

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, kabla jua halijapanda, nilimpoteza mke wangu Georgette kwa ugonjwa wa presha, katika nyumba tuliyokuwa tunapanga hapa Bunia. Ninaanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu wakisimulia aibu yangu wanaanzia kwenye mbuzi, na wakianzia kwenye mbuzi wanacheka mpaka wanashika mbavu, na siwalaumu, hata mimi nimeshacheka, lakini mambo hayakuanzia kwenye mbuzi.

Georgette alikuwa anaotesha miti ya maua kutoka kwenye mbegu. Alijaza udongo katika vifuko vya plastiki, akapanga vifuko chini ya kivuli cha majani makavu, na miche ikifika urefu wa goti aliiuza kando ya barabara kwa watu wanaojenga na wanaotaka uwanja wao upendeze. Mimi ni seremala, nilisoma mpaka darasa la sita, na miti ninaifahamu ikiwa imeshakuwa mbao. Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza anafanyaje. Nilimwona anamwagilia maji, nikadhani kazi yote ni maji.

Alipokufa aliacha mkebe wa maziwa ya unga, na ndani yake mbegu chache ambazo hazikujaa kiganja, ndefu, ngumu, zenye mabaka ya kahawia. Hizo hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za flamboyani, ule mti wa maua mekundu unaowaka kama moto, na zilitoka kwenye mti mmoja tu, ambao baba yake alipanda mbele ya nyumba yao kule kijijini, upande wa Djugu. Vita ilipowafukuza, baba mkwe alifia njiani. Baadaye kulipotulia kidogo Georgette alirudi kuangalia, akakuta nyumba imeungua na mti umekatwa kwa ajili ya makaa, ila maganda ya mbegu yalikuwa bado yananing'inia kwenye matawi yaliyolala chini. Akayachuma. Akamwahidi mama yake kwamba siku moja ataona tena kivuli cha mti wa mume wake. Hakupata nafasi. Kwa hiyo zile mbegu zikipotea, hakuna nyingine popote, na mama mkwe alilijua hilo kuliko mimi.

Familia ilipoamua kwamba tutatoa matanga mwishoni mwa mwaka, nilisema moyoni: siku hiyo nitamkabidhi mama mkwe miche ya mti wake. Hapo ndipo ulipokuja uamuzi wangu mdogo, ule ulioniharibia yote. Mama mkwe alijua namna ya kuotesha mbegu hizo, maana ndiye aliyemfundisha Georgette. Anakaa mtaa wa Bigo, si mbali. Ningekwenda kumuuliza. Lakini kwetu mwanaume haendi tu kwa mama mkwe wake na kuanza maongezi. Ukimkuta njiani unapisha, huketi naye mkeka mmoja, humtazami usoni, na ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu mwingine. Nilimwoa binti yake miaka mingi iliyopita na nadhani hatujazungumza uso kwa uso hata mara moja. Ningemtuma shemeji yangu Solange, mdogo wa Georgette, sawa, lakini niliona haya kuonyesha kwamba nilikaa na fundi wa miche nyumbani na sijui hata jambo moja. Nikasema: mbegu ni mbegu, tia udongoni, mwagia maji.

Udongo nilikwenda kuuchota nyuma ya kanisa letu, chini ya uzio wa lusina, ile miti ambayo watu wanakata majani yake kulishia mbuzi. Ulikuwa mweusi, mlaini, wa kupendeza macho. Nikajaza vifuko, nikatia mbegu moja moja, nikamwagilia asubuhi na jioni, na (msinicheke) nilikuwa nazisalimia.

Basi zikaota! Majani madogo madogo kama unyoya, kama yale ninayoyakumbuka kwenye miche ya Georgette. Tena ajabu ni kwamba katika kifuko kimoja nilitia mbegu moja, ikatoka miche mitatu, kwingine minne. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nililia. Nilikaa kwenye kigoda nikalia, nikasema Mungu ameona huzuni yangu, ameamua kuzidisha. Na Jumapili, walipouliza nani ana ushuhuda, mimi ambaye sijawahi kusimama mbele ya watu, nilisimama. Nikaeleza mbegu moja na miche mitatu. Kanisa zima likapiga makofi, kwaya ikaimba, mchungaji akasema muujiza huu lazima uonekane siku ya kutoa matanga, na mpaka jioni habari ilikuwa imeshafika Bigo. Solange alikuja mwenyewe kuniambia.

"Shemeji, mama amesikia. Tangu asubuhi anafagia pahali penye tutapanda ile muti. Hata chakula hajakula."

Mnaona? Pale hapakuwa tena na mlango wa kurudi nyuma.

Siku ilipofika, tulikusanyika uwanjani kwa mama mkwe. Walifunga turubai, wakapanga viti vya plastiki, kwaya ikaleta kipaza sauti chao. Mimi kama mkwe nilileta mbuzi wa sherehe, beberu mwenye macho ya ugomvi, nikamfunga kwa mkono wangu kwenye mguu wa meza iliyokuwa pembeni (seremala anajua kufunga mbao, mbuzi ni kitu kingine). Miche niliipanga juu ya meza ndogo mbele ya watu, nikaifunika na kitambaa cheupe. Mama mkwe aliketi mbele kabisa, amevaa kitenge kipya, amefumbata mikono. Sikumtazama, lakini nilisikia kwamba yuko pale.

Nikapewa kipaza sauti. Nikasema nilivyoweza. Nikasema mti wa baba umerudi. Nikaondoa kitambaa, watu wakasema "aaah", na akina mama wakapiga vigelegele, na katikati ya vigelegele nikaona mbuzi anapita mbele yangu, anaburuza kamba, hana haraka, kama mtu anayekwenda kwenye meza yake ya kila siku. Akanyoosha shingo. Akang'oa mche wa kwanza.

Aliyepiga kelele ni mjomba wa Georgette, mzee Tito, mtu ambaye hata msibani hawezi kufunga mdomo.

"Bokilo! Mbuzi inakula ushuhuda yako!"

(Bokilo ndivyo tunavyomwita mkwe.) Nikaruka. Nilipaswa kuweka kipaza sauti chini kwanza, lakini nilikuwa nimekishika, na waya wake ulikuwa umepita kati ya miguu yangu, na nilipomkimbilia mbuzi upande wa kulia waya ulinivuta upande wa kushoto, nikapepesuka, nikashika hewa, nikashika kitambaa, kisha nikaanguka kwa uzito wangu wote juu ya mapaja ya mama mkwe wangu.

Kiti cha plastiki kilifungua miguu yote minne. Tukaenda chini pamoja. Na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, mtaa mzima ulinisikia nikisema, "Mama yangu weee!"

Sijui kama mnaelewa. Mtu ambaye hujathubutu kugusa mkeka wake, sasa kichwa chako kiko kwenye kitenge chake, mbele ya mchungaji, mbele ya kwaya na ukoo wake wote. Akina mama walifunika midomo. Hakuna aliyekuja kutuinua, maana hawakujua waanze kumwinua nani. Nilitambaa kinyumenyume kama mtoto mpaka nikafika kwenye nguzo ya turubai, nikabaki hapo, nimeinamisha uso.

Ningefurahi kama ingeishia hapo. Lakini mzee Tito alikwenda kumnyang'anya mbuzi ule mche, akautazama, akaukata jani, akalinusa.

"Lakini batu ya Mungu," akasema, "hii si flamboyani. Hii iko lusina. Siye tunakatiaka mbuzi kila siku. Mbuzi yenyewe imetambua chakula yake, nanyi mulikuwa munapiga makofi!"

Mwingine akaja akatazama, mwingine akaja, na kila mmoja aliposema "njo lusina kabisa" kicheko kiliongezeka, na mmoja wa kwaya akauliza, "Sasa ile muujiza ya moja kuzaa tatu?" Mtu akamjibu, "Lusina inaotaka hata juu ya paa!" Ndipo nikaelewa. Udongo wa nyuma ya kanisa ulikuwa umejaa mbegu za ule uzio. Nilimwagilia chakula cha mbuzi kwa miezi, nikakisalimia asubuhi, nikakitolea ushuhuda.

Mimi sikuwaza kicheko. Niliwaza ule mkebe wa maziwa. Nilijua uko mtupu.

Mama mkwe alikuwa ameshasimama, amejipangusa vumbi. Hakucheka. Alikwenda kwenye meza, akachukua kifuko kimoja, akakipasua ubavuni kwa ukucha, akaanza kuchambua udongo kwa vidole viwili, polepole, kama anavyotafuta mtu mawe katika mchele. Watu wakanyamaza mmoja mmoja. Akatoa kitu kidogo, akakisugua kwenye kitenge, akakinyanyua. Ilikuwa mbegu. Nzima, ngumu, inang'aa, kama siku niliyoitia. Akapasua kifuko kingine. Akatoa nyingine. Alivipasua vyote, hata kile alichokanyaga mbuzi, na mbegu zote zikalala kwenye kiganja chake.

Halafu akageuka akanitazama mimi, moja kwa moja.

"Mukwe. Weye ulizitia hivi hivi? Hukuzisugua?"

Niliangalia nyuma nikimtafuta Solange anijibie. Solange alikuwa mbali.

"Hapana, mama."

"Hii mbegu iko na ganda nguvu kama jiwe. Maji haiingiaka. Lazima uisugue ubavu mpaka uone weupe. Georgette hakukuonyesha?"

"Sikumuuliza, mama."

"Na miye? Juu ya nini haukuniuliza miye?"

"Niliogopa, mama."

Akazifumba mbegu kiganjani. Nilidhani atalia, na kama angelia nadhani ningeondoka Bunia siku ileile, ningekwenda Mongbwalu kwa wachimba dhahabu, kuchimba shimo na kubaki ndani yake.

"Heshima yako," akasema, "karibu inizikie mutoto mara mbili."

Kisha kitu kikamshika mdomoni, akajaribu kukizuia kwa mkono, akashindwa. "Na weye uko muzito, eh! Muzito kama gunia ya simiti!" Akacheka. Solange ananiambia hakuwa amecheka tangu siku ya mazishi. Wote wakacheka naye, mzee Tito akaketi chini kabisa, na mimi kwenye nguzo yangu nikacheka na machozi yakinitoka, sikujua ni ya nini.

Mbuzi tulimla jioni. Sikupata hamu naye.

Nimeapa sitasimama tena kutoa ushuhuda wa kitu ambacho sijachimba nikaona kilichoko chini. Na nimeapa kuuliza. Mambo mengi ningeweza kumuuliza Georgette akiwa hapo hapo, mikono yake imejaa udongo, na mimi nilipita tu na mbao zangu begani.

Kesho yake nilirudi Bigo. Mama mkwe aliomba jiwe la kusugulia, nikamwambia kazini kwangu nina msasa, ile karatasi tunayolainishia meza. Tukafanya naye kazi uwanjani, yeye kwenye kigoda chake na mimi kwenye changu, kati yetu nafasi ya mtu kupita. Alinionyesha wapi nisiguse, kule kwenye kijicho mzizi unakotokea, na wapi nisugue. Mikono yake inatetemeka kidogo, kwa hiyo nyingi nilizisugua mimi. Tukazilowesha usiku ule, asubuhi zilikuwa zimevimba, zote isipokuwa moja, ambayo tuliisugua tena. Udongo safari hii tulichota mahali pengine.

Mzee Tito alikuwa ameshaamua kwamba kuanguka juu ya mama mkwe hakuwezi kupita bure, lazima nilete kuku, ukoo umle, kosa liishe. Nikaleta. Wakamla. Na kosa lilipoisha, heshima nayo ikarudi pale ilipokuwa: mama mkwe hanitazami, mimi simtazami, na maneno yetu yanapita tena kwa Solange, hata tukiwa umbali wa hatua chache.

Juzi walinitumia mtu nije upesi. Nikafika. Vifuko vilikuwa vimepangwa kwenye kivuli cha nyumba, na Solange amesimama katikati yetu, mkono kiunoni, amechoka na sisi.

"Mwambie ainame," mama mkwe akasema.

"Anasema uiname."

Nikainama. Kwenye kifuko cha mwisho udongo ulikuwa umepasuka, na shingo nene ya kijani imejikunja inatoka, na juu ya kichwa ganda la mbegu bado limeng'ang'ania kama kofia. Nikanyoosha kidole nilisaidie litoke.

"Mwambie aache! Inaangukaka yenyewe!"

Solange alifungua mdomo kunipitishia, lakini nilikuwa nimeshasikia. Nikarudisha kidole.