Ukurasa wa Mama Asiyepanda Ngazi

Chigusa alipoolewa huko milimani Akita, Japani, alikuta nyumba ya wageni ya wakwe zake inaitwa Amagaeru, jina la chura mdogo wa kijani anayelia mvua ikikaribia. Marehemu baba mkwe ndiye aliyelichagua, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Shida ni kwamba ukiliandika jina hilo mtandaoni, ulimwagiwa vyura: vyura juu ya majani, vyura ndani ya chupa, vyura wa katuni. Tovuti ya nyumba ilikuwa imefukiwa chini kabisa, ambako hakuna anayefika.

Kabla ya ndoa alikuwa Sendai, kwenye duka lililouza viatu mtandaoni. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mtu anayetafuta viatu anaviona vya kwao kwanza. Kwa hiyo mama mkwe wake, Mama Fumiyo, hakumpa hata muda wa kupumua.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unaleta watu kwa kompyuta?" alimwuliza. "Haya, walete. Vyumba vimenuna."

Chigusa alipochunguza ni nani hasa anayeitembelea tovuti yao, alicheka mpaka akajishika tumbo. Walikuwa wanafunzi. Mmoja alikuwa ameacha ujumbe: naomba kujua chura wenu anakula nini, kesho nina kazi ya darasani. Chigusa akamjibu kwa adabu kwamba anakula wadudu.

Akaanza kazi kama alivyozoea. Alipunguza uzito wa picha ili kurasa zifunguke haraka. Alibadilisha vichwa vya kurasa, akasifu majani ya vuli, ukimya wa milima na maji moto ya chemchemi. Lakini mahoteli makubwa ya mkoa nayo yalisifu hayo hayo, tena yalilipia matangazo. Majira ya kiangazi yakapita, vuli ikaja, na wageni wakabaki wale wale wa miaka yote.

Asubuhi moja simu ililia Mama Fumiyo akiwa bustanini, Chigusa akaipokea. Alikuwa bwana mmoja wa Morioka, jina lake Tsuzuki.

"Samahani dada, nina swali la kijinga. Mama yangu hapandi ngazi. Tukija kwenu, atafika kwenye hodhi la maji moto kweli?"

Chigusa hakutaka kubahatisha. Alishuka na simu sikioni, akaenda kutazama hodhi dogo la familia, lililogeuzwa stoo siku nyingi.

"Kuna kizingiti kimoja, kama kiganja changu hivi," akasema. "Baada ya hapo ni mbao tupu mpaka kwenye maji. Ila sitakudanganya, sasa hivi limejaa figili."

"Figili?"

"Za kukausha kwa moshi. Tutazihamisha."

Yule bwana akaangua kicheko. "Dada, wewe ndiye wa kwanza kunijibu. Kila ninapopiga naambiwa njooni tu, tutaona. Sasa nimbebe mama yangu mpaka huko ndipo tuone?"

"Usikate kwanza. Ulipotutafuta mtandaoni, uliandika nini?"

"Niliandika kama nilivyokwambia. Mama hapandi ngazi, anataka maji moto. Nikaletewa picha za milima! Nyinyi nimewapata kwa jirani, alilala hapo zamani."

Simu ilipokatika, Chigusa alibaki amesimama katikati ya figili. Miezi yote ile alikuwa akiandika maneno ambayo hakuna mtu anayeyatafuta. Mtu mwenye mama mgonjwa haandiki "ukimya wa milima". Anaandika linalomkosesha usingizi.

Mumewe, Kunihiko, ambaye ndiye mpishi wa nyumba, alihamisha figili huku akilalamika, kisha akafunga vyuma vya kujishikia ukutani, na hapo akasahau kulalamika, maana alipenda kutoboa kuta. Chigusa akaazima kiti cha magurudumu zahanati. Alihitaji picha za mtu aliyekikalia, akamwendea Mama Fumiyo.

"Nina miguu yangu miwili, wewe unataka kunikalisha kwenye kiti?" Mama Fumiyo aling'aka. "Unaniombea mabaya?"

"Dakika chache tu, Mama."

"Watu watasema nimepooza!"

Akaondoka kwa hasira. Aliporudi alikuwa amevaa kimono yake ya sherehe na kupaka rangi ya midomo. Akaketi kama malkia.

"Nisukume taratibu. Na upande huu wa uso, si ule."

Chigusa akauandika ukurasa ule kama anayeongea na Tsuzuki. Kichwa chake kilikuwa swali lenyewe: mama hapandi ngazi, je, ataoga? Akaweka picha ya kizingiti, upana wa mlango, mahali pa kushika, hata choo. Akataja pia wasichokuwa nacho, kwamba hakuna lifti, basi wageni wa aina hiyo hulala chumba cha chini, kando ya jiko, na watasikia sufuria.

"Unatangaza aibu zetu," Kunihiko akasema.

"Natangaza ukweli. Atakayekuja atakuwa amekubali sufuria zako."

Theluji ilianguka, na ukurasa ukakaa kimya. Tsuzuki alimleta mama yake, bibi mwenye umbo dogo aliyekaa majini mpaka akawa mwekundu na kukataa kutoka. Baada ya hapo kimya tena. Chigusa alijua kwamba mambo haya huchukua muda, lakini kujua hakukumzuia kuchungulia kila alipoosha vyombo.

Kumbe Tsuzuki alikuwa amewasimulia wauguzi wanaomhudumia mama yake. Chama chao kikaweka kiungo cha ukurasa wa Amagaeru kwenye tovuti yake, familia nyingine zikafanya vivyo hivyo, na ukurasa ukaanza kupanda kwenye orodha ya utafutaji. Siku moja Chigusa aliandika lile swali mwenyewe, akaona jina lao liko juu kabisa, na chini yake picha ya Mama Fumiyo na midomo yake myekundu. Alipiga ukelele, Kunihiko akaja mbio na kisu cha samaki mkononi.

Majira ya kuchipua, simu haikutulia. Vikaja vikundi vya mabibi kutoka Yokote, wakiimba hodhini hadi sauti zikafika barabarani, na Mama Fumiyo akiwa humo humo pamoja nao, akijidai kwamba anawasimamia.

Kisha Mama Fumiyo akapokea simu ya mtu aliyeuliza habari ya babu asiye na meno. Akaingia jikoni moja kwa moja.

"Kunihiko, pika samaki anayelika kwa ulimi. Chigusa, andaa ukurasa mwingine."

Kunihiko alipika, akaponda, akamwekea bakulini. Mama Fumiyo akaonja, akatikisa kichwa.

"Hivi siwezi kujua," akasema. Akageuka pembeni, akatoa meno yake ya bandia, akayaweka juu ya kitambaa. "Haya, nete tena kijiko," akasema kwa ufizi mtupu.

Chigusa alicheka mpaka kijiko kikamtoka mkononi.