Sajini Aliyemwandika Binti Yangu Daftarini

Jumamosi moja ya Novemba, miaka mingi iliyopita, niliwahesabu wanangu nikapata wanne, nikarudi kwenye kikombe changu cha chai nimeridhika kama mtu aliyemaliza kazi ya serikali. Wanangu ni wanne. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa; watoto ndio waliokuwa na makosa. Kichwa kimoja kati ya vile vinne kilikuwa cha jirani, na kitindamimba wangu, mwenye miaka minne na nusu, alikuwa mahali ambapo hata leo nikipita huwa natazama upande mwingine. Aibu hii sijawahi kuikiri hadharani. Mke wangu, ambaye huisoma safu hii ili kutafuta makosa, aliambiwa nusu yake tu. Nusu ya pili ataisoma leo pamoja nanyi, na mniombee. Naikiri kwa sababu mtu aliyenisahihishia hesabu ile amefariki. Jumanne asubuhi mjukuu wake, mtu mzima sasa mwenye mvi mbili tatu, aligonga lango letu, akasimama wima mikono ubavuni, akasema: "Babu ametangulia. Jana saa tisa alasiri." Katika nyumba ile hata msiba hutolewa kama ripoti.

Alikuwa sajini mstaafu wa polisi, mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye goti moja bovu na shati lililopigwa pasi hata siku ya kufyeka nyasi. Alihamia mtaa wetu huku Nateete miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, malango matatu kutoka kwetu, yeye na mkewe na wajukuu sita. Siku zile Kiswahili mtaani kwetu kilikuwa lugha ya askari wa kizuizi cha barabarani. Mtu alikisikia akaanza kutafuta kitambulisho mifukoni. Mimi mwenyewe nilikipata shuleni upande wa Kenya, ambako baba alikuwa karani wa reli. Nikarudi nacho nyumbani pamoja na cheti changu kimoja cha sekondari, na kwa miaka kadhaa nilikizungumza chumbani tu, kama mtu anayevuta sigara kwa siri. Basi mgeni huyu aliposimama langoni kwake saa kumi na mbili jioni, akapaza sauti kwa Kiswahili cha kambini, mtaa mzima ulifunga madirisha. Ilituchukua wiki nzima kugundua kwamba alikuwa anaita wajukuu. Aliwapanga mstari kwa kimo, akatoa daftari, akamwita kila mmoja kwa majina yake yote, na kila mmoja akajibu, "Nipo!" Aliyekuwa bado ananyonya, bibi yake alimjibia. Kisha sajini akafunga daftari, akasema, "Kula!", nao wakatawanyika kwenda kula.

Nililicheka jambo hilo katika safu hii hii. Wasomaji wa zamani huenda wanaikumbuka makala ile. Niliiita gwaride la kamasi, na nilijiona hodari. Siku mbili baadaye alinijia verandani ninapotengenezea redio na pasi za watu, nimeipasua pasi moja nikitafuta ugonjwa wake. Gazeti alikuwa amelikunja mara nne.

"Wewe ndiyo mwandishi?"

"Ndiyo, afande."

"Umeandika mzuri. Mimi nimecheka. Sasa wewe unaita watoto yako saa ngapi?"

Nikamwambia kwetu hatuiti, tunahesabu tu. Alinitazama kana kwamba nimemwambia usiku huwa naacha mlango wazi. "Kuhesabu ni ya mbuzi," akasema, akaniachia gazeti langu, akaenda zake akichechemea.

Niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema nimewekwa sebuleni pamoja na kabati, tofauti ni kwamba kabati linafungika. Miaka ile yeye alikuwa mwalimu aliyerudi masomoni, na kila Jumamosi alikwenda chuoni Kyambogo tangu asubuhi. Mimi nilibaki na redio mbovu za watu na watoto wanne wazima kabisa, na sijui kama nimewahi kuwa na cheo kikubwa kuliko hicho. Tamu kuliko zote zilikuwa Jumamosi za Novemba. Mvua hunyesha, jua huchungulia, na kunako alfajiri senene, wale panzi wa kuliwa, huwa wamejaa majanini, wazito kwa umande. Watoto walirudi na ndoo mbili kabla sijavaa viatu. Kasoro moja tu: mke wangu ni wa ukoo wa Senene. Kwake yule mdudu ni mwiko, ni kama ndugu. Hamli, na hataki kumwona akikaangwa nyumbani kwake. Kwa hiyo karamu yetu ilikuwa na sheria. Tulikaangia nje, kwa kikaango changu kilichofichwa nyuma ya maboksi ya redio, na mama akirudi asikute hata bawa moja.

Tuliketi chini ya turubai tukinyonyoa mabawa na miguu. Kunyonyoa senene ni kazi ya vidole vidogo, na ni kazi ya maneno. "Baba, huyu bado ananipiga teke," akasema mkubwa. "Mwambie amekosea nyumba." Wa pili alikuwa anakula wabichi kwa siri akidhani sioni. Mtoto wa jirani, mvulana wa mama fundi cherehani aliyetoka Bukavu, aliketi katikati yao kama aliyezaliwa pale. Kitindamimba wangu hakunyonyoa. Yeye aliokota mabawa, moja moja, akayapanga ndani ya kopo la maziwa. Nikamuuliza ya nini. "Ni ndugu za mama," akasema. "Nitawapeleka kwao." Nilicheka hadi chai ikanipalia. Kisha nikatoa amri ambayo nimeijutia maisha yangu yote: "Sawa, mabawa yakatupwe mbali. Mama asiyaone." Baba mwenye akili angesema mbali ni wapi.

Mvua ikaanguka bila kubisha hodi. Watoto wakajifunika gunia chini ya turubai, wakicheka, na mimi, niliyekuwa nimekimbilia verandani, nikahesabu vichwa chini ya gunia: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Nikanywa chai. Namaanisha nilikunywa kikombe kizima, na nikaongeza. Ndipo mama wa Bukavu alipoita juu ya ua: "Papa! Nipe kijana, nguo zinaloana!" Kichwa kimoja kikachomoka chini ya gunia, kikaruka ua. Nikakipigia kelele kirudi.

"Huyu ni wa kwangu, papa," akasema yule mama. Kisha akatazama lile gunia, akanitazama mimi. "Wako iko wapi?"

Nyuma ya nyumba zetu hupita mfereji mkubwa, ambako kila mtu hutupa taka. Siku za kawaida ni uchafu unaotembea taratibu. Mvua ikinyesha juu ya vilima, hujaa ghafla, na huleta viti, kuku, milango ya watu. Siku ile niliusikia kabla sijauona. Nilikimbia mguu mmoja una buti, wa pili mtupu. Nikafungua mdomo kumwita mwanangu, na hapa ndipo nusu ambayo mke wangu haijui: jina lake lilikataa kutoka. Niliita la mkubwa, nikaita la wa pili, nikaita la wa tatu, nikaita hata la mama yao. La yule niliyekuwa namtafuta sikulipata. Majirani wakatoka na miavuli na vipande vya nailoni, wakitapakaa ukingoni, kila mmoja akipiga ukelele, "Mtoto! Mtoto!", na maji yakiwajibu kwa sauti kubwa zaidi.

Sajini alikuja na koti lake refu. Hakukimbia, goti halikuruhusu. "Nyamaza wote!" akanguruma, kwa Kiswahili kile kile, na mtaa ambao kwa miaka ulijikunyata ukisikia sauti ile ukanyamaza kwa shukrani. Akaukaribia ukingo, akaunganisha visigino kwenye tope, akaita jina pekee ambalo mimi sikulitaja, la binti yangu. Aliita la ukoo, akaita la ubatizo, akaita na la tatu ambalo mimi babake sikuwahi kulisikia. Maji tu. Mama wa Bukavu alikuwa amenishika mkono, na kucha zake nilizikuta asubuhi yake bado zimechorwa kwenye ngozi. Sajini akaita tena, polepole, vile vile, kana kwamba ni saa kumi na mbili na chakula kiko tayari.

"Nipo!"

Ilitoka chini ya miguu yetu. Chini ya kidaraja cha zege kilichovuka mfereji pale tuliposimama palikuwa na ukingo wa mawe, upana wa kiti. Alikuwa ameketi hapo na kopo lake mapajani, maji yakimfika magotini na kupanda. Sajini akavua koti, akalala kifudifudi matopeni na lile shati lake lililopigwa pasi. "Mimi shika mguu yako. Wewe nenda," akasema. Nikashuka kichwa chini. Nakumbuka ubaridi wa zege shavuni, nakumbuka kwamba mkono wangu ulipungua urefu wa kidole kimoja kumfikia, na nakumbuka sauti juu yangu ikisema, "Bado. Ongeza," na mikono ile ikiniachilia kidogo, kidogo tu, zaidi ya ambavyo mtu mwenye hofu angethubutu. Nikamshika kwapa. Kopo likaanguka, mabawa yakaenda na maji, ndugu za mama wakarudi kwao. Huko juu alilia sana, lakini alililia kopo.

"Mbona hukuitika tulipokuita?" nikamuuliza.

"Mlikuwa mnaita mtoto," akasema. "Watoto ni wengi."

Sajini alikuwa anajifuta uso. Nikamuuliza jina lile la tatu amelitoa wapi. Akatoa daftari mfuko wa shati, limefungwa kwenye nailoni, akanionyesha. Chini ya wajukuu sita, mstari wa saba, alikuwa binti yangu. "Yeye anakuja kila jioni, anasimama mwisho ya mstari," akasema, karibu kwa kuomba radhi. "Tangu Pasaka. Mimi nitafanya nini? Nimeandika. Bibi yake, mke yangu, amempa jina ya kwetu." Tangu Pasaka hadi Novemba ni miezi saba. Kwa miezi saba, mimi mtu wa nyumbani, ninayesifiwa kwa kutotoka nyumbani, sikujua kwamba saa kumi na mbili kila jioni binti yangu alitoka kwetu kwenda mahali ambapo ataitwa.

Nimeifikiria sana tabia ile ya kuhesabu. Kizazi chetu kilitoka vitani kikiwa kimezoea watu kwa jumla: waliopita kizuizini, waliolala kanisani, waliorudi. Mkiwa wengi mlishukuru, hamkuuliza ni akina nani. Mara moja tu, tukinywa chai, nilimuuliza mzee kwa nini hutumia daftari kwa watoto anaowajua kama viganja vyake. Akaweka kikombe chini. "Kwetu kule, wakati watu wanakimbia, tulihesabu," akasema. "Hesabu ilikuwa kamili." Akajimiminia chai tena, na mimi, ambaye huuliza hata yasiyonihusu, sikuuliza. Tangu siku ya mfereji nimeita majina kila jioni. Wanangu wakikua walinionea haya. Siku hizi ua wa michongoma umekuwa ukuta wenye vigae vya chupa juu yake, na baba humpigia simu mwanawe aliye chumba cha pili kumwambia chakula tayari. Simu huonyesha kwamba imepokewa. Haionyeshi mtoto amekaa juu ya nini.

Jana tulimsindikiza, mwili unapelekwa kaskazini kuzikwa. Kabla gari halijaondoka, yule mjukuu mwenye mvi alitoa daftari, jalada limeshonwa upya kwa uzi wa cherehani, akaita. Watu wazima sita, yeye mwenyewe akiwemo, mmoja ana tumbo kunizidi, wakajibu mmoja mmoja. Akafika mstari wa saba. Binti yangu, aliyeniachia wanawe watatu ili ashike nafasi yake mwisho wa mstari, alisema "Nipo" kwa sauti ya mtoto wa miaka minne na nusu, na mimi nikaangua kilio cha aibu, kile chenye makamasi, mbele ya mtaa mzima. Mbingu upande wa ziwa ilikuwa imeiva nyeusi. Nyasi zilikuwa na senene. Nikahisi nimeguswa bega. Ni mama wa Bukavu, mzee sasa kama mimi, amejifunga khanga kiunoni. Nilidhani amekuja kunipa pole.

"Papa, utalia kesho," akasema. "Mvua inakuja, na batoto haujabaita bado."